Barua Aliyoisoma Mama

Ipo siku moja hainitoki, mwanangu. Kila nikiona bahasha yenye muhuri hunijia yote, na leo imenijia bila ya bahasha, kwa simu yako hiyo unayoigeuzageuza mkononi. Kaa kitako, Ibtisam. Usinitazame hivyo, sikugombezi. Mama yako yuko jikoni kwangu anakaanga samaki, na dada yangu namjua, hatoki pale mpaka kila kipande kimeiva anavyotaka yeye. Nusu saa tunayo.

Umeniambia mambo matatu pale nje tulipokuwa tunateremsha masufuria garini. Kwamba jamia, hicho chuo kikuu, wamekukatalia uhamisho wa kwenda kusoma uchumi, kwa sababu somo la takwimu ulilosoma kwenye chuo chako cha diploma wao hawalihesabu. Kwamba mama yako umemwambia umekubaliwa. Na kwamba nimtafute mtu ninayemjua kule ndani, jina lako lipenye kabla ya Jumatatu, kwa sababu Jumatatu mama yako anaanza kufunga siku zake saba za nadhiri kwa ajili yako, na sukari yake iko juu, na weye unaogopa. Kuhusu huyo mtu jibu ni hapana, na machozi hayatanigeuza. Nimekaa wizarani pale Al Khuwair miaka ishirini na sita, watu nawajua, na jibu ni hapana. Lakini huko kuogopa kwako nimekupenda nako. Mie umri wako sikuogopa vya kutosha.

Unanijua mjomba wako ni mtu wa uchumi. Nikiingia harusini tu, utasikia mtu ananiuliza mafuta yatapanda au yatashuka, utadhani yanapita kwangu kwanza. Lakini hakuna aliyekwambia kwamba na mie nilianzia chuo cha diploma. Nilisoma biashara miaka miwili, kwenye madarasa ambayo kiyoyozi kikinguruma mwalimu humsikii, na hamu yangu yote ilikuwa nihamie jamia nikasome uchumi. Zama zile waliohamishwa walikuwa wachache mno. Wenzangu wakiniambia, ridhika, tafuta kazi benki uoe. Nikiwaona wajinga. Nilikuwa na kiburi, kile cha mtoto anayesifiwa sana nyumbani.

Aliyenisifu ni mama yangu, bibi yako Raya, ambaye weye hukumdiriki. Baba alikuwa ameshafariki. Tulikuwa watatu kwenye fleti ya Al Khuwair, nyuma ya wizara: mama, mie, na mama yako Salma, kitoto cha miaka tisa. Mama alikuja huku kwa Waarabu kutoka Unguja akiwa mtu mzima, na Kiarabu chake kilikuwa cha sokoni na cha kwa daktari, kikaishia hapo. Lakini msahafu akiusoma, wallahi, majirani walikuwa wakizima redio wamsikilize. Herufi zote akizijua, kila moja akiitoa mahali pake. Maana akimwachia Mungu.

Siku niliyopeleka maombi yangu jamia, alinivika kofia mpya aliyoidarizi mwenyewe, akanizungusha kama bwana harusi, akasema mbele ya Salma, "Nimeweka nadhiri. Mwanangu akikubaliwa, nitafunga siku saba mfululizo, na nitaanza wiki ile ile."

Nikamwambia, "Mama, na sukari yako?"

"Sukari yangu inakukhusu nini? Weye shika kitabu."

Nikacheka. Nilikuwa na hakika nitakubaliwa, na nikaona siku saba za kufunga ni jambo dogo kwa mtu anayefunga mwezi mzima kila mwaka.

Majibu yakaja mwezi wa tisa, kwenye jua lile la kuchoma mpaka vitasa vya milango. Barua niliichukua ofisini chuoni, nikaifungua kwenye ngazi. Ombi halikukubaliwa. Alama yangu ya hisabati ilikuwa ya kupita tu, na wao wakitaka ‘jayyid’, yaani nzuri. Chini wakaandika kwamba nirudie somo lile hapo hapo chuoni, muhula mmoja, nikipata alama hiyo nilete maombi upya. Basi. Muhula mmoja, mwanangu! Leo nikifikiri kilivyokuwa kitu kidogo, natamani kujitia makofi.

Mwalimu wangu wa hisabati, mzee wa Kisudani mwenye sauti ya chini, alinikuta palepale kwenye ngazi. Akaisoma barua begani kwangu bila ya kuomba rukhsa. Akasema, "Njoo Jumamosi nikuandikishe. Miezi minne tu, unakwenda zako." Nikamwitikia. Na wallahi nilikuwa na nia ya kwenda.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa na wageni, wanawake watatu wa jengo letu, wanakunywa kahawa. Akaona bahasha mkononi mwangu, akaona muhuri wa jamia, akaruka kitini. "Nipe. Nnaisoma mwenyewe." Nikanyoosha mkono kumzuia, lakini alishaitoa, keshavaa miwani.

Akaanza kuisoma. Barua za ofisi haziandikwi irabu, si kama msahafu, kwa hiyo akawa anakokota, anabahatisha, anarudi nyuma. Lakini kila neno alilipa haki yake, akivuta pa kuvuta na kusimama pa kusimama, kwa sauti ile ile ya msahafu. Wale wanawake wakaweka vikombe chini, na wao Kiarabu chao kilikuwa kama chake. Nikasimama mlangoni namsikiliza mama yangu ananisomea kukataliwa kwangu kwa sauti nzuri kupita zote nilizopata kuzisikia. Alipomaliza aliibusu karatasi, akaipeleka kwenye paji la uso. Kisha akaniuliza, "Haya, wanasemaje?"

Nikamwambia, "Wamenikubali, mama."

Vigelegele vikalia mpaka ngazini. Mmoja akanishika kichwa akaniombea. Mama akaikunja ile barua vizuri, akaenda akaitia ndani ya msahafu wake, na msahafu wa mama haukuwa ukiguswa na mtu. Salma alikuwa skuli. Angekuwapo yeye, mtoto wa miaka tisa aliyesoma skuli za huku, angenifichua palepale, na ningemshukuru mpaka leo.

Unaona namna ilivyokuwa? Sikuupanga. Hata nyinyi mnaosema uwongo wa namna hii, najua hamuupangi. Ulinitoka kwa sababu nilishindwa kumtazama akivunjika mbele za watu, nikajiambia nitamweleza wageni wakishaondoka. Wageni wakaondoka, wakaja wengine. Jumamosi ikafika, na sikwenda kwa mwalimu. Ningekwendaje? Watoto wa majirani wawili walikuwa wakisoma chuo kile kile. Wangenikuta darasani na wale wa mwaka wa kwanza, habari ingefika kwa mama kabla mie sijafika. Kwa hiyo ile njia moja ya halali niliyokuwa nayo, ya miezi minne, niliiziba kwa mkono wangu. Kama na weye hukwenda kuuliza utasomea wapi hiyo takwimu, najua kwa nini hukwenda.

Na Jumamosi hiyo hiyo mama akaanza kufunga.

Nilimwomba asifunge. Nilimwomba kweli, usidhani nilinyamaza tu. "Mama, ngoja siku za baridi." Akanijibu, "Mungu hakuningojesha, mie nimngojeshe?" Nikamwendea sheikh wa msikiti wetu, akasema mgonjwa ana udhuru, angoje apate nafuu. Nikamletea mama jibu nikidhani nimeshinda. Akasema, "Sheikh hakuwepo niliponuia." Daktari naye akamtaja Salma, akamwambia ana mtoto mdogo, ajihurumie. Mama akamwambia daktari inshallah, akatoka.

Yote hayo niliyatafuta, mwanangu. Sheikh, daktari, siku za baridi. Na maneno ya kumfungua yalikuwa mawili tu, ‘sikukubaliwa, mama’, na yalikuwa kinywani mwangu mwenyewe. Kila magharibi nilikaa naye kwenye mkeka anafutari, tende moja na maji, gilasi ikimgonga meno. Kila magharibi nilisema, nnamwambia sasa. Kisha ananitazama kwa ile furaha, ananiuliza madarasa ya uchumi yako ghorofa ya ngapi, na mie namjibu. Ya pili, mama. Nikamwambia na rangi ya viti. Nikikumbuka ile rangi ya viti naona haya peke yangu chumbani.

Siku ya sita alianguka, baada ya alasiri, kwenye ujia wa kwenda chooni. Salma ndiye aliyemwona kwanza. Nilimbeba ngazi zote zile mpaka kwa jirani mwenye gari, na alikuwa mwepesi, Ibtisam. Sikujua kama mama yangu alikuwa mwepesi vile.

Alizinduka siku ya pili yake, hospitali. Salma tulimwacha kwa jirani. Nikakaa pembeni ya kitanda, na jambo la kwanza aliloniambia mama ni kwamba imebaki siku moja, atailipa akitoka. Hapo ndipo niliposhindwa. Nikamwambia yote. Nikamwambia, ile barua ilikuwa ya kukataliwa, mama. Nikalia kama mtoto, muuguzi akaja akatazama akaondoka.

Mama alilivuta shuka mpaka kifuani. Kisha akaniuliza, "Lakini niliisoma vizuri?"

"Uliisoma vizuri, mama."

Akageuza uso ukutani. "Siku ya tatu miguu iliniuma, we mtoto, iliniuma! Nikasema haidhuru, inauma kwa ajili ya mwanangu. Nikavumilia." Nilidhani atanifukuza, na ningekwenda. Badala yake akasema, "Kumbe nadhiri yenyewe bado haijanipata. Basi ukiingia kweli uniambie, nifunge tena." Akanishika kidole, akanikazia macho. "Na Salma usimwambie. Hana baba, anakutegemea weye. Akikuona mwongo atamwamini nani?"

Hayo ndiyo aliyoniambia. Wala hakuniambia amenisamehe, na mie sikumwuliza, nikiogopa.

Wiki ile ile nilirudi kwa mwalimu wa Kisudani. Nafasi yangu alikuwa ameniwekea, jina langu ameliandika kwa mkono wake kwenye orodha. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Nikakaa na wale wa mwaka wa kwanza, na wale watoto wa majirani wakaniona, na wakasema, na mama akawajibu mwenyewe mlangoni kwamba mwanangu anaiongeza nguvu hisabati yake. Kila nikirudi aliniuliza, "Hisabati vipi leo?" Alishakuwa hawezi kudarizi, macho na figo zilikuwa zinamwacha. Daktari aliniambia figo zilikuwa zimeshachoka kabla ya kufunga. Kabla, alisema. Neno hilo nimelala nalo na kuamka nalo miaka yote hii, kuna siku linanitosha, na kuna siku halinitoshi hata kidogo.

Alifariki mwezi wa kumi na mbili, wiki tatu kabla ya mtihani.

Nilipata zaidi ya jayyid. Barua ya pili ikaja kwenye baridi, nimekubaliwa, uchumi, mwaka wa pili. Nikakaa nayo kwenye fleti, Salma yuko skuli, na hakuna wa kuniambia nipe niisome mwenyewe. Basi nikaisoma mie, kwa sauti, kama alivyosoma yeye, nikavuta pa kuvuta. Sijui ilinifaa nini. Kisha nikafunga siku saba kwa niaba yake. Siku za baridi ni fupi, mwanangu, magharibi inaingia upesi, hata njaa sikuiona sawasawa. Hilo nalo liliniuma.

Sasa nikwambie kitu ambacho hukijui, na ndicho kilichonitoa rangi pale garini hata ukaniuliza kama naumwa. Mama yako akiniona mie nafunga zile siku saba, nikamwambia nailipa nadhiri ya mama. Mtoto wa miaka tisa, na ile barua ya pili ameiona nilipoitundika ukutani. Akajitungia hadithi yake: mama aliweka nadhiri, mama alifunga, na kwa kufunga kule kaka akaingia jamia. Ameisimulia miaka thelathini. Umeisikia weye tangu unanyonya. Na mie nimekaa kila mara, natikisa kichwa, naomba chai. Weye ulipopeleka maombi yako, yeye akafanya alivyoona mama yake alifanya, kwa sukari ile ile. Jumatatu hii haikutoka kwako peke yako, Ibtisam. Ilianza kwangu, kwenye mlango wa fleti ile, na mie nimeiacha itembee hadi imefika jikoni kwangu.

Kwa hiyo sikiliza, na haya ndiyo niliyonayo ya kukupa. Kukataliwa na jamia si aibu. Takwimu utaisoma upya, na mie nitakaa nawe kila Ijumaa mpaka uichoke sura yangu. Muhula mmoja ukiutazama leo ni mrefu, ukifika umri wangu hutaukumbuka hata ulikuwa wa baridi au wa joto. Habari mbaya mpelekee mwenyewe mama yako, tena ikiwa bado mpya, kabla hajaifanyia furaha. Ukiona mtu anajitaabisha kwa neno lako, na neno lako si la kweli, usimtafutie sheikh wala daktari wala mjomba. Mwambie. Atakasirika, na mama yako akikasirika namjua mie, hata paka huondoka. Mwache akasirike. Mama anayekukasirikia ni mama aliye hai, na mie ningetoa kila nilichopata kwa uchumi wangu huu nikasirikiwe mara moja vile na mama.

Na usinambie niseme mie kwa niaba yako. Mie nna langu la kusema. Mama alinikataza, na neno lake nimelitunza miaka thelathini, lakini alinikataza ili Salma awe na mtu wa kumwamini. Nikinyamaza leo akaanguka na yeye, hiyo amana nitakuwa nimeilinda kwa nani? Mama atanisamehe hili, au atalitia pamoja na lile jingine.

Fungua hiyo droo ya chini. Huo ndio msahafu wa bibi yako. Utoe kwa adabu, na humo ndani utaiona karatasi imekunjwa mara tatu, imegeuka njano. Aliiacha humo humo hata alipokwisha kujua ilivyosema. Usiisome weye. Mama yako Kiarabu anakijua, ataisoma mwenyewe.

Mungu akujaalie, mwanangu, ulimi wako usikutangulie mahali ambapo miguu yako haijafika. Akupe uchumi wako kwa njia utakayoweza kuisimulia mbele ya watu wote wa nyumba yako, na ampe mama yako uhai wa kuisikia. Akuepushe na kunyamaza kwangu. Amin, sema amin, na ujifute uso.

Haya, nipe mkono niinuke, magoti haya hayana adabu. Namsikia anazima jiko. Salma! Salma wee! Hiyo sahani iweke chini kwanza, dada yangu, ukanawe mikono, ulete na miwani yako.